Povu, utani na kasoro za kweli: kupokea maoni ya wasomaji wa hadithi za mtandaoni

Hadithi inayotolewa kipande kwa kipande kwenye WhatsApp au Facebook haisomwi kama kitabu. Kitabu kikimkera msomaji, atakifunga na kukiweka kando. Hapa mwandishi yumo ndani ya simu ya msomaji: namba yake inajulikana, na wapo mamia ya watu wa kusikiliza malalamiko. Sehemu mpya ikipandishwa saa mbili usiku, robo saa haipiti maoni yameshaanza kumiminika. "Lete nyingine." "Fupi mno leo." "Mwandishi unatuachaje hapo, arosto itatuua." Katikati ya hayo linaingia moja la kuudhi, na mwandishi aliyekesha na maneno yake 1,200 baada ya kutoka kazini analiona hilo peke yake.

Sisi tunaosimamia magrupu ya namna hii tunaona mambo yaleyale yakijirudia. Komenti kali si za aina moja. Kuna matusi matupu, kuna utani, kuna hasira ya kucheleweshewa, na kuna kasoro ya kweli iliyoletwa kwa lugha chafu. Mwandishi anayezijibu zote kwa namna moja, iwe kwa kufoka au kwa kununa, huishia kupoteza wasomaji na kasoro zake zikabaki palepale.

Chukua mfano huu, tuliouunda kwa kufuata zile zinazoletwa kila mara: "Acha kutuchosha. Sehemu ya 14 Zuhura alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Leo sehemu ya 17 anajifungua, na kwenye hadithi zimepita wiki mbili tu. Au unaandika umelewa?" Sentensi ya kwanza ni uchovu, ya mwisho ni tusi. Zile za katikati ni kazi ambayo mhariri angeidai malipo: zimetaja namba ya sehemu, jina la mhusika na hesabu yenyewe. Jibu lake halizidi mistari miwili: "Umeona sawa, hesabu ya miezi imenipotea. Marekebisho yatakuwa mwanzoni mwa sehemu ya 18." Ulevi hautajwi kabisa, hata kwa mzaha. Mwandishi akishaandika tu "mimi sinywi pombe", mazungumzo ya usiku mzima yatahusu pombe, na Zuhura atasahauliwa na mtoto wake.

Marekebisho yenyewe yana utaratibu wake, na wengi huuharibu. WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tu tangu utumwe. Kuufuta kwa wote kunawezekana kwa siku mbili na nusu hivi, lakini hadi hapo sehemu imeshasambazwa kwenye magrupu mengine ambako huna mkono. Kufuta na kutuma upya kunaleta vurugu: wapo waliosoma toleo la kwanza, wapo waliosoma la pili, na wote wanabishana juu ya hadithi mbili tofauti. Weka mstari mmoja juu ya sehemu inayofuata, kwa herufi nzito: "Sehemu ya 17, Zuhura hakujifungua, alilazwa kwa kutishiwa kuharibika mimba." Kisha endelea. Facebook unaweza kuhariri posti wakati wowote, ila historia ya uhariri huonekana, kwa hiyo usibadilishe kimyakimya halafu ukakana kwamba ulikosea. Msomaji mmoja akiibandika historia hiyo kwenye komenti, heshima imekwisha. Nakala kamili ya hadithi ikae nje ya grupu, kwenye faili moja, na marekebisho yaingizwe humo siku hiyohiyo.

Hasira nyingi hata hazihusu hadithi. Zinahusu ratiba. Mwandishi mpya hupandisha sehemu kila siku wiki ya kwanza kwa sababu ana moto, moto unaisha, anapotea siku nane, halafu anarudi na kipande cha maneno 400 kinachoishia mlangoni. Hapo povu litamtoka hata msomaji mpole. Usianze kutoa hadithi kabla ya kuwa na akiba ya sehemu nne au tano zilizokamilika. Taja siku na saa, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa mbili usiku, na ukishindwa sema kabla ya saa hiyo kufika. Taarifa ya saa kumi jioni kwamba leo hakuna sehemu inapokelewa na "pole mwandishi". Taarifa hiyohiyo ikitoka saa nne usiku inapokelewa na matusi, kwa sababu mtu ameshaweka bando na ameshasubiri.

Pesa nayo ni chanzo kikubwa. Mtindo uliozoeleka ni kutoa sehemu kadhaa bure, kisha anayetaka kuendelea alipie kwa simu na kuingizwa kwenye grupu la pili. Hakuna kosa katika kuuza kazi yako. Kosa ni kuitoa habari ya malipo ghafla sehemu ya 20, msichana akiwa amefungwa kamba na kisu kiko shingoni. Andika tangu sehemu ya kwanza: sehemu 1 hadi 20 bure, zilizobaki shilingi 2,000, hadithi nzima ina sehemu 45. Anayekuita tapeli baada ya hapo, mwangalie mara mbili kabla ya kumjibu, maana mara nyingine amelipa kweli. Jina la laini iliyotuma pesa ni la mume au la wakala, jina la WhatsApp ni "Mama Jayden", na aliyekuwa akipokea malipo hakuweza kuyaoanisha. Mwombe namba ya muamala, siyo skrinishoti, kwa kuwa skrinishoti huhaririwa na namba ya muamala unaweza kuilinganisha na ujumbe ulioupokea wewe. Ukiipata, jibu palepale alipokuitia tapeli: "Muamala nimeuona, umeshaingizwa. Samahani kwa kuchelewa." Ukimjibu inboksi peke yake, lile neno linabaki hadharani.

Kuhusu utani, hapa panahitaji jicho la mwenyeji. Mashabiki wa Simba na Yanga wanatupiana maneno tangu miaka ya 1930 na asubuhi wanakunywa chai meza moja, na ndani ya hadithi wasomaji nao hugawanyika hivyohivyo: timu Zuhura upande huu, timu Rehema upande ule, mipasho inapigwa hadi usiku wa manane. Hiyo ni dalili ya hadithi kuwa hai, usiizime. Tatizo huanza utani wa makabila unapoingia. Mnyamwezi na Mzaramo wana utani wa tangu enzi za misafara, wakikutana msibani wataambiana mambo ambayo mgeni ataita polisi. Lakini grupu lina mtu wa Kigoma, wa Mombasa, wa Lubumbashi na mfanyakazi wa ndani aliye Muscat. Wengi wao hawana utani wowote kati yao, na neno ambalo kwako ni mzaha kwake ni dharau. Kanuni tunayoitumia: utani juu ya wahusika wa hadithi na juu ya timu, ruksa. Juu ya kabila, dini, sura au mzazi wa mwanagrupu, hapana, hata anayetaniwa akisema hajali.

Lugha ni uwanja mwingine wa vita. Mhusika wa Mombasa akisema "yuwaja", msomaji wa Dodoma ataandika "huyu hajui Kiswahili". Usibadilishe. Mazungumzo ya mhusika yana haki ya kufuata kwao. Ila sauti ya msimulizi ikiandika "akuna" badala ya "hakuna", au "kurara" badala ya "kulala", aliyekukosoa yuko sahihi hata kama amekukebehi, na makosa hayo yakiwa mengi ndiyo yanayowafukuza wasomaji wasiosema chochote. Tafuta mtu mmoja mwenye jicho kali, mpe sehemu muda wa saa tatu kabla ya kuipandisha, na umruhusu asome bure hadi mwisho. Ni malipo madogo, na walimu wa shule za msingi ndio wanaoifanya kazi hii vizuri kuliko wote.

Sasa upande wa pili, ambao ni mgumu zaidi kuliko matusi. Wasomaji wetu wengi hawapendi kumkosoa mtu hadharani. Wamelelewa hivyo. Ukosoaji wao wa maana hauji kama ukosoaji; unakuja kama swali la unyenyekevu: "Samahani mwandishi, kwani Jabiri alijuaje kuwa Zuhura yuko Tanga?" Hilo ni shimo kwenye hadithi, limetajwa kwa adabu. Waandishi wengi huliziba kwenye komenti: "Alipigiwa simu na binamu yake." Sawa, lakini binamu huyo hayumo kwenye sehemu yoyote, na atakayesoma hadithi mwaka ujao hataziona komenti. Kila swali la "alijuaje", "kwani yule si alikuwa" na "mbona juzi" linaandikwa kwenye daftari, na jibu lake linaingia ndani ya hadithi.

Daftari hilo liwe na safu nne: namba ya sehemu, kilichosemwa kwa ufupi, wangapi wamekisema, na ulichoamua. Matusi hayaandikwi humo. Mtu mmoja akisema hadithi imepoa, huenda yeye ndiye aliyechoka. Muulize: "Imepoa kuanzia sehemu ya ngapi?" Wenye nia mbaya hawajibu swali hili, wenye hoja hutaja namba. Watatu wasiojuana wakitaja palepale, rudi ukasome hapo kwa sauti. Mara nyingi utakuta mambo mawili: sehemu mbili mfululizo ambazo hakuna aliyepata wala kupoteza kitu, au mhusika mpya aliyeingizwa bila kazi.

Pamoja na hayo, usichukue dawa wanayokuandikia. Wasomaji ni wazuri sana wa kuonyesha panapouma, na wabaya wa kutibu. Grupu zima linaweza kupiga kelele "muue Jabiri!", na ukimuua hadithi inakufa naye, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiisukuma. Wanachokisema kwa kweli ni kwamba Jabiri ameshinda mara nyingi mno bila kulipia. Mpe hasara moja inayoonekana, uone kama kelele hazitapungua.

Tofauti kubwa kati ya zamani na sasa ni kwamba hakuna anayesimama katikati. Washairi wa pwani walijibizana kwa beti tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, na maneno yalikuwa makali kuliko haya yetu. Lakini aliyetaka kujibu alilazimika kushika vina na mizani, na kazi hiyo humpoza mtu. Baadaye, malumbano yalipohamia magazetini, alikuwepo mhariri wa kukata lisilofaa. Kwenye simu, hasira ya mtu aliyegombana na bosi wake mchana inatua kwa mwandishi kabla haijapoa. Kwa hiyo mtu wa kati ni lazima awekwe kwa makusudi.

Namna tunayoipendekeza ni hii. Mwandishi asiwe ndiye anayefuta komenti wala kutoa watu. Wawepo wasimamizi wawili wengine, ikiwezekana mmoja asiwe rafiki wa karibu wa mwandishi. Wakati wa kupandisha sehemu, grupu lifungwe ili wasimamizi pekee waweze kutuma. Vipande vya sehemu visije vikakatwa na "nani kaanza kusoma". Lifunguliwe baada ya nusu saa, watu wakiwa wamesoma. Usiku huo mwandishi haingii. Msimamizi anakusanya yaliyosemwa, anayapunguza matusi, na asubuhi anampa orodha: maswali haya, kasoro hizi, malalamiko haya ya ratiba. Kasoro ya mimba ya Zuhura ikimfikia hivyo saa moja asubuhi, mwandishi ataishughulikia kwa dakika kumi. Ikimfikia ilivyoandikwa, saa nne usiku, huenda sehemu ya 18 isiandikwe kabisa.

Mwandishi mwanamke ana tahadhari ya ziada. Kwenye grupu la WhatsApp namba ya kila mwanachama inaonekana, na simu za saa saba usiku za "nakupenda kupitia hadithi zako" hugeuka matusi zisipopokelewa. Laini ya hadithi iwe mbali na laini ya familia na ya M-Pesa binafsi. Kwa hadithi za bure, chaneli ya WhatsApp inafaa zaidi kuliko grupu kwa sababu wafuasi hawaioni namba ya mwenye chaneli. Majadiliano yakihitajika, yafanyike kwenye grupu linaloendeshwa na wasimamizi.

Jambo moja ambalo hufanywa na waandishi wazuri, na ambalo hatulitetei hata kidogo, ni kupiga skrinishoti ya mkosoaji ikiwa na jina lake na kuibandika na maneno "wadau, mwoneni huyu". Mwandishi anadhani anajitetea. Anachofanya ni kutuma watu mia mbili kwenye inboksi ya mtu mmoja, tena mara nyingine mtu aliyeuliza tu kwa nini sehemu ni fupi. Tangu siku hiyo hakuna atakayetaja kasoro. Zitabaki "hongera" na emoji za moto, na mwandishi ataenda na makosa yake hadi kwenye kitabu kilichochapwa. Ukitaka kujadili hoja kali, iandike upya kwa maneno yako bila jina. Na mashabiki wako wakimvamia mkosoaji wenyewe, ni wewe unayepaswa kuandika mstari wa kuwazuia, kwa sababu msimamizi hawamsikilizi kama wanavyokusikiliza wewe.

Kwa msomaji anayetaka kukosoa na asikilizwe: taja sehemu, nakili sentensi yenyewe, sema ilikufanya uelewe nini au upotelee wapi, kisha ishia hapo. Makosa ya tahajia yapeleke inboksi. Lakini kosa ambalo linaweza kumdhuru mtu, kwa mfano mhusika nesi anayetoa dozi ya dawa ovyo au wakili anayemdanganya mjane kuhusu mirathi, liseme hadharani, tena mapema, kwa kuwa wapo wanaozichukua hadithi hizi kama ushauri.

Zikibaki komenti ambazo ni shambulio tupu, zana zipo, na hazifanani nguvu. Kwenye ukurasa wa Facebook, kuficha komenti kunaiacha ionekane kwa mwenyewe na marafiki zake, wengine hawaioni. Hana habari kwamba amefichwa, kwa hiyo hapigi kelele za "unaogopa ukweli". Instagram ina njia inayofanana: ukimwekea mtu kizuizi (Restrict, siyo Block), komenti zake anaziona yeye tu mpaka wewe uziruhusu. Kufuta kuwe kwa matusi ya nguoni, vitisho, na namba au picha za watu. WhatsApp inamruhusu msimamizi kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kwa wote. Ukimtoa mtu, badilisha kiungo cha kuingilia na uwashe idhini ya wanachama wapya, la sivyo atajaribu kurudi kwa laini nyingine kabla hujamaliza kueleza sababu.

Kabla ya kufuta kitisho chochote, hifadhi ushahidi: picha ya skrini inayoonyesha namba au jina, tarehe na saa, pamoja na komenti iliyotangulia. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kutumia mawasiliano ya kielektroniki kumtisha au kumnyanyasa mtu, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kenya ina kifungu cha 27 cha sheria yake ya 2018 kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni. Tunazitaja kwa ajili ya vitisho vya kweli. Anayekimbilia polisi kwa sababu ameambiwa hadithi yake inaboa atachekwa kituoni na kwenye grupu pia.

Tuhuma ya wizi ndiyo isiyofaa kunyamaziwa hata siku moja. Mtu akiandika "hii hadithi umeiiba", usimwite mwongo, weka ushahidi. Rasimu ulizojitumia kwa barua pepe zina tarehe, na kazi iliyosajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, ina karatasi yake. Jibu mara moja tu, funga komenti za posti hiyo, usirudi tena hapo. Ikigundulika kwamba aliyekutuhumu aliwahi kusoma sehemu zako zilizobandikwa na mtu mwingine bila jina lako, na hilo hutokea sana, mwombe akupe kiungo cha alipozisoma. Kuanzia hapo, jina lako na namba ya sehemu viwe ndani ya maandishi yenyewe, katikati ya aya, siyo juu wala chini ambako hukatwa kirahisi.

Wapo waliotolewa ambao huomba kurudi. Tunawaingiza hadithi mpya inapoanza, siyo katikati ya ile waliyoivuruga, na kwa wiki mbili za mwanzo wanasoma bila kuandika kwenye grupu. Wakiwa na hoja wanampa msimamizi. Baadhi yao hutokea kuwa wakosoaji bora tulio nao. Mtu aliyeweza kukumbuka mimba ya Zuhura kutoka sehemu ya 14 hadi ya 17 alikuwa akisoma kwa makini tangu mwanzo.